Bursi, Kaunta na Deni: Jinsi ya Kumlea Kiongozi Kasapa

Mzazi wa Katuba au wa Ruashi, hapa Lubumbashi, akisikia mtoto wake amepata bursi, huuliza kwanza: wanalipa minervali yote au nusu? Ana haki ya kuuliza hivyo. Ila wanaotoa bursi hizo, yaani makampuni ya madini, makanisa na mashirika ya hisani, husema wanafanya jambo kubwa kuliko kulipa karo: wanaandaa viongozi wa kesho. Wakati wa kugawa vyeti sentensi hiyo haikosekani. Ukiichunguza programu yenyewe, mara nyingi utakuta karo, posho, kompyuta ndogo, semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli mjini, na picha ya pamoja. Karo ni halisi, nayo huokoa maisha ya watu. Sehemu ya uongozi ndiyo iliyo tupu.

Nataka kuifungua mitambo hiyo ya uongozi kama fundi anavyofungua pampu: tuone kipi kinasukuma na kipi ni pambo. Nimechagua programu ambazo zimefanya kazi kwa miaka mingi, hata kama hazikuzaliwa Lubumbashi. Katika kila moja nauliza jambo ambalo sisi hatuliulizi vya kutosha: mwanafunzi akishapewa, anadaiwa nini, na ni nani anayemdai?

Swali hilo lina historia hapa kwetu. Chuo kikuu cha serikali kilifungua milango Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru, na tarehe 30 Juni 1960 Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata mia moja katika nchi nzima. Serikali mpya ilihitaji kila kichwa kilichosoma, kwa hiyo ilitoa bursi. Lakini katika miaka ya Mobutu bursi ilikuja na deni lake la siasa. Juni 4, 1969, wanafunzi wa Kinshasa walipoandamana kudai hali bora, pamoja na bursi zenyewe, askari waliwafyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, walipotaka kuwakumbuka waliouawa, wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, waliingizwa jeshini kwa nguvu, na mwaka huohuo wa 1971 vyuo vyote vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya dola, UNAZA. Lubumbashi haikupata tena chuo chake hadi mwaka 1981. Chama cha vijana kilichoruhusiwa chuoni kilikuwa kimoja, kile cha chama tawala. Aliyetaka kuongoza wenzake alipaswa kwanza kuonyesha kwamba ameongozwa vizuri.

Kisha ukaja usiku wa Mei 11 kuamkia 12, mwaka 1990, wanafunzi waliposhambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Kwa chuo chenyewe, jeraha lililobaki ni la kutoaminiana: nani ni mpasha habari, nani anatoka mkoa gani, nani analindwa na nani. Yeyote anayetaka kuendesha programu ya uongozi Kasapa, kwenye kampasi ya chuo hicho, anajenga juu ya udongo huo, hata kama wanafunzi wa leo walizaliwa baadaye sana.

Sasa twende Kenya, kwa sababu huko kuna mfano ambao mitambo yake inaonekana wazi. Mwaka 1998 Equity ilikuwa bado chama cha akiba na mikopo ya nyumba, kilichoanzia Kangema, Murang'a, mwaka 1984. Haikuwa benki kamili hadi 2004. Ilianzisha mpango ambao leo unaitwa Equity Leaders Program. Wazo lilikuwa jepesi. Chukua wanafunzi waliofaulu zaidi katika mtihani wa mwisho wa sekondari katika kila wilaya, mvulana na msichana. Kabla hawajaenda chuo kikuu, waajiri katika tawi la benki la nyumbani kwao, kwa malipo.

Uzuri wa mpango huo uko katika wakati. Kenya ya miaka ile ilikuwa na mlundikano wa wanafunzi: tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, aliyefaulu sekondari alisubiri hadi karibu miaka miwili kabla ya kuitwa chuoni, na hali hiyo haikuondolewa hadi vyuo vilipopokea makundi mawili kwa pamoja mwaka 2011. Wakati huo wa kusubiri ulikuwa unawaua watoto wa maskini. Mtoto wa tajiri alilipiwa chuo cha binafsi au akapelekwa ng'ambo. Mtoto wa mkulima alirudi shambani, wengine wakaolewa, wengine wakasahau hesabu walizokuwa wamezijua. Equity iliuchukua muda huo uliokufa ikaugeuza kuwa shule.

Fikiria kijana wa miaka 18 au 19 akiwa kwenye kaunta. Mbele yake kuna mama anayeuza maziwa, mwalimu aliyestaafu, mchuuzi aliyekasirika kwa sababu foleni ni ndefu. Hesabu ya jioni lazima ilingane na fedha iliyo kwenye droo. Ikipungua, kuna mtu atauliza. Hapo anajifunza mambo ambayo hakuna semina inayoweza kuyafundisha: kumsikiliza asiyejua kuandika bila kumdharau, kutunza siri ya salio la jirani yake, kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea kabla mkubwa hajagundua mwenyewe. Zaidi ya hayo, anafanya kazi hiyo mahali anapojulikana. Akiwa mlegevu, mama yake atasikia habari sokoni.

Hili la kumweka nyumbani naliona ndilo akili kubwa ya mpango mzima. Wangeweza kuwapeleka wote Nairobi, makao makuu, wakavaa suti na kupiga picha na wakurugenzi. Badala yake deni la kwanza la mwanafunzi likawa kwa watu wa kata yake, akiwahudumia ana kwa ana. Malezi mengine yalifuata baadaye: washauri, makongamano ya pamoja, msaada wa kuomba nafasi katika vyuo vya nje. Lakini hayo yanasimama juu ya miezi ya kaunta. Ukiiondoa kaunta, inabaki semina kama zetu.

Lipo pingamizi la kweli: benki inapata faida. Inapata wafanyakazi hodari kwa gharama ndogo, na jina zuri kwa kila familia ya wilaya. Sioni aibu katika hilo. Programu inayoleta faida kwa anayeiendesha haiuawi na mkurugenzi mpya anayetaka kupunguza matumizi. Nimeona bursi nyingi za hisani zikikauka kwa sababu aliyezianzisha amehama.

Kwa Lubumbashi habari hii si ya mbali. Agosti 2020 Equity ilinunua sehemu kubwa ya hisa za BCDC, benki iliyozaliwa mwaka 1909 kama Banque du Congo Belge, mwaka mmoja kabla ya mji wetu kuanzishwa. Ikaiunganisha na benki nyingine iliyokuwa nayo tayari nchini, na leo EquityBCDC ina kaunta zake hapa mjini. Watu wanaoujua utaratibu ule huko Kenya ni wafanyakazi wenza wa watu wanaofungua milango ya matawi yetu kila asubuhi.

Mfano wa pili ni wa Kongo yenyewe, nao unadai deni la namna nyingine. Programu ya BEBUC ilianzishwa na wanakemia wawili, Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, na Virima Mudogo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa. Walikuwa wakifanya utafiti pamoja juu ya mimea ya Ancistrocladus, mitambaazi ya misituni ambayo kemikali zake zinaua vimelea vya malaria. Waliona kwamba maprofesa wa Kongo wanazeeka na nyuma yao hakuna wa kutosha. Wakaanzisha bursi yenye lengo moja lililo bayana: kuandaa maprofesa wa kesho wa vyuo vya Kongo. Wanaochaguliwa ni wanafunzi ambao tayari wako chuoni na wana alama za juu kabisa. Bursi huendelea kadiri matokeo yanavyoendelea. Wanaofika mbali husaidiwa kwenda kusoma shahada za juu, hata nje ya nchi, kwa matarajio kwamba watarudi kufundisha.

Ukali wa lengo hilo ndio nguvu yake. Maneno "kiongozi wa kesho" hayana kipimo, kwa hiyo hakuna anayeweza kushindwa. "Profesa anayefundisha katika chuo cha Kongo" ni jambo la kuhesabika: yuko darasani au hayuko. Anayemdai mwanafunzi ni darasa ambalo halijaingia chuoni bado, watoto walio sasa katika shule za msingi.

Hata hivyo deni hilo linakutana na ukuta ambao kila mtu wa Kasapa anaujua. Katika mfumo wetu, aliyehitimu kwa alama za juu hubakizwa kama asistanti, kwa muhula wa miaka miwili unaoweza kurudiwa, na kutoka hapo hupanda ngazi hadi udaktari. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri. Katika maisha, wako maasistanti waliozeeka wakiwa maasistanti, wanafundisha asubuhi, wanafanya biashara mchana, na tasnifu imelala kwenye kabati. Programu inayomrudisha kijana na udaktari wake kutoka ng'ambo inampitisha dirishani, juu ya vichwa vya watu waliosubiri miaka kumi. Atakutana na kijicho, na kwa sehemu kijicho hicho kina sababu. Kwa hiyo malezi ya uongozi kwa mtu wa namna hii yangepaswa kumfundisha, pamoja na kemia, namna ya kukaa katika idara ambayo wenzake wanamwona kama aliyewaruka: kugawana maabara, kuandika makala pamoja na mkubwa wake aliyekwama, kuliweka jina la mkubwa huyo mwanzoni mwa makala pale anapostahili. Kazi ya namna hiyo haionekani katika ripoti, wala sijaona bursi yoyote inayoiandaa ipasavyo.

Mfano wa tatu nautaja kwa ufupi, ingawa unawagusa Wakongo wengi kuliko hiyo miwili. DAFI, mpango wa Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa unaofadhiliwa hasa na Ujerumani, umewasomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 tangu 1992, na miongoni mwao ni vijana wengi wa Kongo walioko Uganda, Rwanda na kwingineko. Wanafunzi wake huunda klabu na hutakiwa kurudisha huduma kwa jamii ya wakimbizi: kufundisha watoto kambini, kuwashauri walio sekondari. Deni liko kwa watu waliobaki nyuma ya uzio, nao wanakuona ukirudi au usiporudi.

Sasa turudi nyumbani na tuangalie mahali mitambo hii inapokwama ikiletwa Lubumbashi bila kurekebishwa.

Kwanza uchaguzi. Equity huchagua mlangoni, kwa mtihani wa sekondari. BEBUC huchagua ndani, baada ya mwanafunzi kuonyesha alama za chuo. Ukichagua ndani unapunguza makosa, kwa maana asilimia za mtihani wa serikali hazikuambii kama mtu ataweza mwaka wa kwanza wa polytechnique. Lakini hapo umeshawapoteza wale ambao familia zao hazikuweza kulipa huo mwaka wa kwanza. Nao si wachache, na wasichana ndio wanaotangulia kupotea: kaka akiwa na nafasi na dada akiwa na nafasi, fedha ikitosha mmoja, tunajua nani anabaki. Msimamo wangu ni kwamba programu ya uongozi ichague mlangoni na ikubali kukosea. Iwalipie wengi mwaka wa kwanza kwa kiasi kidogo, kisha iendelee na wachache. Ni ghali kidogo, lakini ndiyo njia pekee ya kumwona mtoto wa komuni ya Kenya au ya Kampemba, hapa mjini, kabla hajageuka kuwa muuzaji wa krediti ya simu kando ya barabara.

Pili, asili. Hapa lazima tuseme wazi. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi, wengine wakisubiri treni kwa wiki nyingi katika stesheni za Likasi na Kolwezi. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tangu hapo migodi mingi mikubwa iko Lualaba, chuo kikongwe kiko Lubumbashi, na bursi ya kampuni inawalenga watoto wa vijiji vinavyozunguka mgodi. Sheria ya madini ya 2018 imeongeza wajibu huo kwa kudai asilimia 0.3 ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii zinazozunguka. Ni haki: ardhi yao ndiyo inayochimbwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kila kundi la bursi linaingia Kasapa likiwa la watu wa sehemu moja, wanakaa pamoja, wanakula bukari pamoja, na kiongozi wao anakuwa kiongozi wa watu wa kwao. Programu haihitaji kubadili anayelipiwa. Inaweza kubadili anayefanya kazi na nani. Kikundi cha kazi cha watu sita kiwe na watoto wa bursi tatu au nne tofauti, wakabidhiwe jambo moja gumu, kwa mfano kisima cha maji cha bweni moja la wanafunzi au ratiba ya masomo ya jioni kwa watoto wa mtaa, na wahojiwe kwa pamoja. Makampuni mawili yakikubaliana hivyo, gharama ni mkutano mmoja.

Tatu, fedha. Mambo yake ni mafupi lakini yanaua. Minervali hutajwa kwa dola na watu wengi wanapata faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa kama faranga 930. Mwishoni mwa 2017 ilikaribia 1,600. Programu iliyotenga faranga iliwaacha wanafunzi wake njiani katikati ya mwaka. Karo ilipwe moja kwa moja chuoni. Posho ipite kwenye simu, ndogo na kwa wakati. Posho inayochelewa miezi mitatu kisha ikaja kwa mkupuo inaishia kwenye matanga, kwenye karo ya wadogo, kwenye deni la nyumba, kwa sababu mwenye bursi amekuwa mzee wa familia akiwa na miaka 20. Hilo nalo ni somo la uongozi, gumu kuliko yote, na programu nyingi hulichukulia kama utovu wa nidhamu. Mtu akae na kijana huyu amfundishe kugawa, kukataa kwa heshima, kuandika anachodaiwa na mjomba wake.

Nne, lugha. Mafunzo yote ya uongozi niliyoyaona hapa yamefanyika kwa Kifaransa, na yanayolenga bursi za nje yanaongeza Kiingereza. Ninaelewa: mtihani ni Kifaransa, barua ya kazi ni Kifaransa. Lakini watu ambao kijana huyu atawaongoza, awe mhandisi wa mgodi, daktari wa hospitali ya Sendwe au mkuu wa kata, wanafanya kazi kwa Kiswahili, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni. Mhandisi anayeweza kueleza hatari ya mwamba kwa Kifaransa tu ni nusu mhandisi anaposhuka chini ya ardhi na wafanyakazi wake. Nimesikia wahitimu wazuri wakitoa maelezo ya usalama mbele ya wachimbaji, wakianza kwa Kiswahili na kuhamia Kifaransa pale hasa ambapo jambo linakuwa la kufa na kupona. Programu ya uongozi iliyo makini ingempima kila mwanafunzi wake kwa kazi moja rahisi kueleza na ngumu kufanya: chukua tasnifu yako, ieleze kwa dakika kumi, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mbele ya watu wa mtaa wako, kisha jibu maswali yao.

Yote haya yanahitaji muda, na hapa ndipo kaunta ya Kenya inaponisumbua zaidi. Sisi pia tuna miezi iliyokufa. Matokeo ya mtihani wa serikali hutoka kati ya Julai na Agosti, na mwaka wa masomo, ukianza kwa wakati, huanza Oktoba au Novemba. Mara nyingi hauanzi kwa wakati, na migomo ya walimu huongeza miezi mingine katikati. Ni miezi ambayo mwenye bursi anakaa tu, simu mkononi, akisubiri tangazo. Katika miezi hiyohiyo, dawati la mapokezi la hospitali ya Sendwe lina foleni, ofisi za malipo ya maji na umeme zina foleni, na matawi ya benki yana foleni. Mahali pote hapo mtu anahitaji kusikilizwa, kuandikiwa, kuelekezwa, na hesabu ya jioni kulingana.

Kampuni inayolipa karo ya wanafunzi hamsini tayari inajua majina yao na mitaa yao. Inachokosa ni barua moja kwa mkuu wa hospitali au meneja wa tawi, ikiomba viti kadhaa kuanzia Agosti, pamoja na msimamizi mmoja wa ofisi hiyo atakayelipwa kidogo zaidi ili kila Ijumaa akae nao saa moja na kupitia daftari: nani alikuja, alitaka nini, alipata nini, na yule ambaye hakupata aliambiwaje.